Naomba ushauri: malengo yangu ya kusoma yamekwama

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Januari nilipanga kumaliza Biblia nzima, sura 1,189, yaani tatu au nne kwa siku, pamoja na kitabu kimoja cha Kikristo kila mwezi. Kitabu cha Mwanzo nilikisoma kwa raha, Kutoka ikanichosha kwenye vipimo vya hema, Walawi ikanikwamisha kabisa (kama kila mwaka!). Vile vitabu vya Kikristo nimemaliza vinne, ila ukiniuliza cha pili kilihusu nini, naanza kukohoa.

Nimejaribu kuamka saa kumi na moja alfajiri, nasinzia. Nimejaribu Biblia ya kusikiliza kwenye daladala, kelele tupu.

Je, nichanganye Walawi na Zaburi au Injili kila siku, au nifuate mpangilio ulivyo? Na mnaosoma vingi, mnafanyaje msisahau mlichosoma?