Kadi inasema gramu 2,500, watu wa utafiti wanasema 2,460. Nishike ipi?

MamaWaPili
Hamjambo humu. Nimejifungua siku 5 zilizopita, mtoto wa kiume, mimba ya wiki 37 na siku 2. Dada yake alikuja na kilo 3 na ushee, kwa hiyo mambo ya uzito sikuwahi kuyawaza.

Huyu alipotoka, mkunga alimweka kwenye mizani ya mshale, akasoma kwa sauti "mbili na nusu!", ikaandikwa kwenye kadi. Haikupita nusu saa akaja dada wa utafiti (nilishatia saini fomu ya ridhaa tangu mimba ina miezi 6). Akamvua kila kitu mpaka nepi, akamweka kwenye mizani ya namba, akamwinua, akamweka tena. Akaandika 2,460. Kisha akaniambia taratibu kwamba mwanangu ana uzito pungufu na watamfuatilia siku ya 3, ya 14 na ya 28.

Yaani nusu saa nzima nilikuwa na mtoto asiye na neno.

Juzi wamekuja, tumefika 2,310. Nimelia sana. Mama mkwe yuko hapa, hasemi kitu, ila anamtazama mtoto halafu ananitazama mimi, na ninaelewa. Naombeni mnisaidie: namba ya kweli ni ipi? Gramu 40 zinaweza kumfanya mtu mgonjwa? Na kama wanajua ana uzito pungufu, mbona hawampi dawa, wanapima tu wanaondoka? Ananyonya, nepi zinalowa, ila analala mno.

Sijashawishika
Dada toka huko mapema. Mtu anayekujali hakupimii mtoto halafu akaaga. Mmeshakuwa namba kwenye kompyuta ya mtu.

MpimaMizani
Hongera kwa kujifungua salama, dada. Nimepima wachanga miaka 6 kwenye tafiti 2, kazi yangu ilikuwa hiyo tu, mizani na fomu. Nitajibu kirefu kidogo, univumilie.

Shika 2,460. Mkunga wako hakudanganya. Mizani ya mshale ina vistari vya gramu 50 au 100, mtoto anarusha miguu, mshale unacheza, na kitanda cha pili kuna mama anasukuma. Jicho linakimbilia namba nzima. Chukua daftari la wodi ya wazazi, chora uzito wa watoto wote wa mwaka: utawakuta wamerundikana kwenye 2,500, 3,000 na 3,500, na katikati hapo peupe. Mrundikano wa 2,500 ndio unaoleta shida, kwa sababu uzito pungufu ni CHINI ya 2,500. Aliyeandikwa 2,500 kamili hahesabiwi. Ndiyo maana utafiti unakuja na mizani yake. Sisi kila asubuhi tulianza na jiwe la kilo 2, likisoma 1,990 basi mizani hiyo siku hiyo haitoki stoo. Unatandika kitambaa, unarudisha sifuri, ndipo unamlaza mtoto. Kuna siku mwenzangu alisahau sifuri, tukarudia watoto 7 huku mama zao wamenuna, na walikuwa na haki ya kununa.

Sasa hizo gramu 40. Mwili wa mwanao haujui mstari wa 2,500 umepita wapi. Mstari huo ulitokana na daktari wa watoto wa Finland, Arvo Ylppö, karibu miaka 100 iliyopita, alipokuwa akitafuta namna ya kuwatambua njiti. Ukatumika hivyo miaka mingi, kila mdogo akaitwa njiti, mpaka mwaka 1961 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wakapendekeza waitwe tu wenye uzito pungufu. Maana kuna mdogo aliyetoka mapema, mapafu hayajakomaa na kunyonya kunamshinda. Na kuna mdogo aliyekaa wiki zake zote, ila kondo la nyuma halikumlisha vya kutosha. Huyo unamwogopea zaidi baridi na sukari kushuka. Kwenye fomu wote wanaweza kuwa 2,300. Wako alivuka mpaka wa njiti, ambao ni wiki 37 kamili, kwa siku 2. Jirani yake wa karibu ni mtoto wa 2,510. Mtoto wa 1,400 yuko mbali nao wote wawili.

Na namba hii ukiitazama peke yake inapotosha hata mabingwa. Jacob Yerushalmy wa California, kwenye takwimu alizochapisha mwaka 1971, alikuta kwamba mama wavuta sigara wanazaa watoto wadogo zaidi, jambo ambalo lilishajulikana. Lakini alipowatazama wale wa chini ya 2,500 peke yao, watoto wa wavutaji walikufa kwa uchache kuliko wa wasiovuta! Watu walibishana miaka na miaka. Sigara haimlindi mtoto hata kidogo. Mtoto wa mvutaji amepunguzwa na moshi. Asiyevuta akizaa mdogo kiasi hicho, kuna jambo jingine lililomfikisha pale, na mara nyingi ni zito zaidi, kama maambukizi au kasoro ya viungo. Tangu nilipoielewa hiyo, nikiona uzito wa mtoto huwa nauliza kwanza umefikaje pale.

Kwa hiyo kuhusu mama mkwe: presha, malaria, upungufu wa damu, pacha, kondo, yote yanapunguza uzito, na mara kadhaa sababu haionekani kabisa. Kwa macho hawezi kuijua. Wewe pia usijihukumu.

Kutoka 2,460 hadi 2,310 ni gramu 150, kama asilimia 6. Karibu wachanga wote hushuka siku za mwanzo, maji yanatoka, na kile choo cheusi. Ikizidi 10 ndipo tunashtuka. Kwa kawaida hurudi alipoanzia ndani ya wiki 2 hivi. Kilichonigusa kwenye maneno yako ni usingizi. Mdogo hulala akapitiliza njaa yake. Usimsubiri alie: kila saa 2 au 3 mwamshe, mfungue nguo, mchokoe nyayo, mnyonyeshe. Akikataa ziwa, akawa wa baridi ukimgusa, akalegea, akapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika akiwa ametulia, au njano ikafika viganjani na nyayoni, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usiku ni usiku.

Dawa: hakuna dawa ya gramu 40. Na huo unaonekana ni utafiti wa kufuatilia tu, hawajaribu chochote kwa mtoto. Ila wakiona hatari ni wajibu wao kukupeleka kwa daktari. Soma fomu yako, utakuta imeandikwa, na utakuta pia kwamba unaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Sijashawishika, hilo nalo ni jibu lako.

Sijashawishika
Fomu zenyewe kurasa 6 za maandishi ya chungu. Nani anasoma akiwa na uchungu?

MpimaMizani
Hapo sibishi. Ridhaa ya mama aliye kwenye uchungu mimi siiiti ridhaa. Lakini yeye alitia saini kliniki, mimba ya miezi 6.

BabaKifuani
Naongeza kuhusu baridi. Wetu alizaliwa na gramu 1,650. Mke wangu alikuwa bado hawezi kukaa, nesi akaniambia vua shati. Akanifunga mtoto kifuani, kavaa nepi na kofia tu, kichwa kimegeuzwa pembeni ili apumue. Siku 2 za mwanzo nilikuwa naogopa hata kukohoa. Zamani walisubiri mtoto atengemae ndipo wampe mzazi. Halafu ukafanyika utafiti mkubwa, Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, watoto 3,211 wa gramu 1,000 hadi 1,799. Nusu walibebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, nusu kwa utaratibu wa zamani. Waliokufa ndani ya siku 28 ni asilimia 12.0 kwa 15.7. Ukasimamishwa kabla ya muda kwa sababu tofauti ilishaonekana, matokeo yakatoka 2021, na mwaka uliofuata mwongozo wa dunia ukabadilika. Kwa hiyo ndugu Sijashawishika, watoto wa watu "wakawa namba", na namba hizo ndizo zilizonivua mimi shati.

Dada, wako ni mkubwa kwa hao, lakini kifua hakina masharti. Mweke tu.

MamaWaPili
Mungu awabariki. Nimemsomea mama mkwe jibu la MpimaMizani lote. Alipofika kwenye mama wavuta sigara akauliza mara 2, "wa wasiovuta ndio walikufa zaidi?" Sasa yeye ndiye anayemchokoa nyayo saa 8 usiku.

MamaWaPili (baada ya siku 9)
Narudi na habari. Leo siku ya 14. Dada wa utafiti kamlaza kwenye mizani, 2,545. Kabla hajaandika, bwana mdogo akakojoa pale pale. Nikakodolea namba nikitegemea ishuke, haikutikisika! Dada akacheka, akasema mkojo umebaki kwenye kitambaa, bado tunaupima. Akabadilisha kitambaa, akarudisha sifuri, akampima upya: 2,530. Ameandika hiyo.