Mjadala: Walionunua hisa za MP3.com mwaka 1999 walipima au walilewa?

Mpiga Hesabu: Tarehe 21 Julai 1999 kampuni ya muziki wa mtandaoni ya MP3.com, ya San Diego, iliuza hisa kwa umma kwa dola 28 kila moja. Soko likafungua kwa 92 na kufunga kwa 63 na senti kadhaa, ilhali mapato yake ya mwaka mzima wa 1998 yalikuwa dola milioni 1 na ushei. Wawekezaji walihesabu watembeleaji, wakaita hesabu hiyo thamani. Hata muuza maandazi anajua kwamba wapita njia si wateja.

Binti wa Kariakoo: Mama yangu aliuza maandazi, nami nimesomeshwa na maandazi hayo, kwa hiyo mfano huo umenichoma. Muuza maandazi ndiye hasa anayejua bei ya wapita njia. Mbona kilemba, ile pesa ya kupewa chumba cha duka, cha fremu iliyo karibu na kituo cha basi huzidi cha fremu ya uchochoroni, kabla ya andazi la kwanza kuuzwa? Waliolipa 92 walilipa kilemba.

Msikilizaji: Mfano mzuri, ila umesahau bidhaa ilikuwa ya nani. Januari 2000 kampuni ilianzisha huduma ambayo ulitia CD yako kwenye kompyuta, programu ikaitambua, na tangu hapo ukaisikiliza popote, lakini kutoka katika nakala ambazo kampuni yenyewe ilikuwa imezitoa kwenye maelfu ya CD bila idhini. Jaji Jed Rakoff akasema huo ni ukiukaji wa hakimiliki, na Universal, mojawapo ya kampuni za muziki zilizoishtaki, peke yake ikalipwa dola milioni 53.4.

Binti wa Kariakoo: Basi kilichoizamisha ni mahakama, si bei. Tena tazameni nani aliyeinunua mwaka 2001: Vivendi Universal, mzazi wa yule yule mdai! Dola milioni 372 hazitolewi kwa fremu tupu.

Mpiga Hesabu: Hizo ni dola 5 kwa hisa. Aliyeingia kwa 92 amwambie nani habari za kilemba? Sikuuliza nani aliizamisha. Niliuliza kama bei ya siku ya kwanza ilikuwa na hesabu nyuma yake. Na kuhusu maandazi, nilikwisha kuomba radhi.

Binti wa Kariakoo: Hukuomba. Rudi juu usome.