Naomba ushauri: mzinga wa Königsberg wa milimita 28, rangi inabanduka na gari lake silielewi

Kibarazani (Mombasa)

Asalaam aleikum ndugu zangu, na habari za jioni kwa wote.

Natengeneza vijisanamu vya milimita 28 kwa ajili ya michezo ya vita ya mezani, na mwaka huu nimejiwekea kazi moja tu: mapigano ya Kahe ya Machi 1916, Vita Kuu ya Kwanza, chini ya Kilimanjaro, Smuts wa Waingereza anasukuma na Lettow-Vorbeck wa Wajerumani anarudi nyuma ya mto Ruvu. Askari ninao tayari. Kilichobaki ni ule mzinga wa manowari Königsberg ambao Wajerumani walikuwa nao pale na wakauharibu wenyewe walipoondoka.

Tangu utotoni nikipelekwa Ngomeni (Fort Jesus) nilikuwa nasimama mbele ya mizinga ya meli iliyowekwa pale, kwa hiyo huu sitaki kuununua. Nataka utoke mikononi mwangu. Mtutu nimeutengeneza kwa antena ya redio mbovu ya marehemu babu, kwa sababu vipande vyake vinaingiana na kupungua unene kimoja baada ya kingine, sawasawa na mtutu wa mzinga wa meli. Urefu nimekata sentimita 7.5. Sehemu ya nyuma nimeiacha duara, kwa kufuata picha nilizopiga pale Ngomeni.

Shida zangu ni hizi. Kwanza, rangi. Nimepuliza praima ya kijivu, ile rangi ya kwanza ya kushikia nyingine, mara mbili, na mara zote mbili ikikauka nikiugusa mtutu kwa ukucha inatoka kama ganda la kitunguu. Kwenye magurudumu, ambayo ni plastiki, imeshika lakini imekuwa na chengachenga kama nimenyunyizia unga. Pili, gari la mzinga, yaani fremu na magurudumu yanayoubeba: kila picha ninayoiona ina umbo lake. Tatu, rangi yenyewe iwe gani? Picha zote za wakati ule hazina rangi.

Nisaidieni, nimekwama wiki ya tatu sasa.

DadaBrashi (Dar es Salaam)

Pole kaka. Hizo za rangi ni shida mbili tofauti, usizitibu kwa dawa moja.

Antena imepakwa kromu, na kromu haina pa kushikia rangi. Ibandue rangi yote. Chukua msasa laini, sugua mpaka mng'ao uondoke kabisa na uone mikwaruzo midogo ya kijivu, kisha futa kwa spiriti na usiushike tena kwa vidole vitupu, kwa sababu mafuta ya ngozi nayo yanafukuza rangi. Mimi nachomeka kijiti cha mshikaki ndani ya mtutu nikaushikia hapo mpaka mwisho wa kazi. Halafu tafuta praima ya chuma, wanazo wanaouza rangi za magari. Tabaka jembamba, uache usiku kucha.

Ule unga kwenye magurudumu ni wa kupuliza kwa mbali, na unyevu wa hewa yetu ya pwani nao hausaidii. Tone la rangi linaanza kukauka likiwa bado hewani, likifika linatua kama vumbi. Msimu huu wa kusi usipulize asubuhi wala jioni. Ngoja saa saba mchana siku ya jua, kopo ulitie kwenye maji ya vuguvugu dakika chache, yasiwe ya moto, upulize kwa karibu kidogo kuliko ulivyozoea. Siku ikiwa na mawingu acha kabisa, paka praima kwa brashi. Mimi tangu nihamie Dar karibu kila kitu napaka kwa brashi na sijajuta.

Mlinzi wa Rufiji

Mkuu Kibarazani, kabla hujapaka chochote naomba nikuulize: una uhakika umepiga picha mzinga ulio sahihi?

Pale Ngomeni kuna mizinga miwili ya vita ile. Mmoja ni wa Königsberg. Mwingine ni wa Pegasus, manowari ya Mwingereza ambayo Königsberg hiyohiyo iliizamisha bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Waingereza waliitoa mizinga ya Pegasus kwenye maji, wakaitumia nchi kavu. Mwaka uliofuata, Julai 1915, Königsberg nayo ikamalizwa kwenye delta ya Rufiji na meli mbili, Severn na Mersey, na Wajerumani wakafanya vilevile: wakatoa mizinga yao yote kumi. Ndiyo maana leo mahasimu hao wawili wamekaa pamoja Mombasa.

Kwa tundu la mtutu huwezi kuwatofautisha. Mjerumani ni milimita 105, Mwingereza ni inchi 4, ambayo ni kama milimita 102. Ukigawa kwa 56, ambao ndio uwiano wa vijisanamu vya milimita 28, hakuna jicho litakaloona tofauti. Tazama nyuma, risasi inapoingia. Wa Pegasus unafungwa kwa parafujo nene inayozungushwa na kufunguka kama mlango, kwa hiyo nyuma yake ni duara. Wa Königsberg una kabari ya chuma inayoteleza kwenda ubavuni, na ili kabari hiyo ipate njia, sehemu ya nyuma ina mabega bapa, karibu na umbo la boksi. Umesema umeiacha duara. Hapo ndipo nilipopata wasiwasi.

Urefu wako lakini umepatia. Mtutu wa kalibari 40 ni milimita 105 mara 40, mita 4.2, na kwa uwiano wa 1 kwa 56 inakuja sentimita 7.5 kamili.

Baharia wa Kigoma

Kuhusu gari: usitafute moja lililo sahihi, kwa sababu halikuwa moja. Mizinga ile ilizaliwa juu ya sitaha, haikuwa na magurudumu. Magari yaliundwa Dar es Salaam kwenye karakana ya reli, kwa chuma kilichokuwepo. Na mingine haikupata gari, ilisimamishwa juu ya nguzo yake ileile ya meli. Huku kwetu mmoja ulipanda meli tena: ulifungwa kwenye Graf von Götzen, ambayo ndiyo Liemba yetu ya Ziwa Tanganyika.

Chagua picha moja tu, uifuate mpaka mwisho. Bora iwe na mtu amesimama kando ya gurudumu. Pima mtu yule kwa rula, pima gurudumu, kisha linganisha na kijisanamu chako. Njia hiyo haijawahi kuniangusha.

Kibarazani

Mlinzi, umenishtua kweli. Nimefungua picha zangu sasa hivi na nyuma naona parafujo. Jumamosi narudi Ngomeni na daftari.

Dada, antena iko kwenye msasa tayari. Ahsante sana.

Mzee Tumbaku (Tanga)

Vijana, hamjambo. Nina mawili.

La kwanza ni rangi. Mimi naanza na kijivu cha meli, kwa sababu chuma kilitoka melini. Juu yake napiga kahawia iliyofifia kwa sponji, si brashi, nikiacha kijivu kichungulie kwenye kingo ambako mikono na kamba zilikuwa zinasugua. Kutu kidogo sana, kwenye ribiti tu: wapiga mizinga wake wengi walikuwa mabaharia, na baharia hawezi kuuacha mzinga wake uoze. Mwisho ni udongo. Mimi sinunui rangi ya udongo. Nachota vumbi jekundu, nalichekecha kwenye soksi nyembamba, nachanganya na vanishi isiyong'aa na kulipaka kuanzia chini ya gurudumu kwenda juu, likipungua.

La pili ndilo lililonifanya niandike. Kibarazani umetaja mtutu, gari na rangi, hukutaja nani anauvuta. Mzinga huu haukuwa na gari la moto la kuukokota kila mahali, na ng'ombe walikufa kwa mbung'o njiani. Ulivutwa na watu, mamia kwa mzinga mmoja, kwa kamba, kwenye tope na vilima. Babu yangu mzaa mama alikuwa mpagazi vita vile na alirudi na bega moja lililoshuka. Ukiuweka mzinga peke yake mezani na wapiga mizinga wanne, utakuwa umeonyesha sehemu ndogo sana ya kazi iliyofanyika.

Si lazima utengeneze mia. Tengeneza kumi na wawili, mistari miwili, kwenye ubao mmoja mrefu mbele ya gari. Kwa mavazi na mkao, ukipita Nairobi katazame sanamu za shaba za Kenyatta Avenue, mmoja wao ni mpagazi. Kamba itengeneze kwa mkonge: chomoa nyuzi tatu kutoka kamba ya dukani, zilowanishe kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa na maji, zisokote, zikaushe zikiwa zimening'inizwa na uzito mdogo. Kamba ikilegea hakuna atakayeamini kwamba watu wale wanavuta kitu kizito.

DadaBrashi

Mzee shikamoo. Naongeza kwenye wapagazi: usiwapake ngozi wote kwa kopo moja. Mimi nachanganya rangi tatu za msingi na kila mtu napata yake. Na kwenye misuli ya bega na paja paka mwanga wa mwisho kwa rangi yenye wekundu kidogo, si nyeupe. Nyeupe juu ya ngozi yetu inaleta majivu, mtu anaonekana mgonjwa.

Mlinzi wa Rufiji

Na kwenye mchezo wenyewe, usiudai mzinga huu uione shabaha wenyewe kama mizinga midogo. Ulifika zaidi ya kilomita 12, meza yako haina urefu huo hata kwa uwiano wowote. Mimi nauweka kwenye kona ya nyuma na nauruhusu upige tu ikiwa kuna mwangalizi juu ya kilima au mti, na akiuawa mwangalizi mzinga unanyamaza. Risasi nazo nazihesabu: sita kwa mchezo mzima. Mjerumani hakuwa na njia rahisi ya kupata nyingine.

Kibarazani

Mzee shikamoo. Maneno yako nimeyasoma na mama, na yeye akaanza kunihadithia ya babu yake upande wa Taita.

Nimerudi kutoka Ngomeni. Ni kweli, nilikuwa nimepiga picha wa Pegasus. Wa Königsberg nimekaa nao karibu saa nzima, nimechora ule mgongo wa boksi pande zote na kuipima kabari kwa shubiri kwa kuwa utepe nilisahau nyumbani. Nimekata vipande vinne vya plastiki ya mabango, nimevibandika kuzunguka mwisho wa antena na kujaza pembe kwa epoksi. Praima ya chuma imeshika, ukucha hautoi kitu.

Ubao nimekata wa sentimita 24. Wapagazi kumi na wawili wameingia kwa kubanana. Mzee, yule wa kwanza kabisa kwenye kamba ya kushoto nimemshusha bega.