Naomba ushauri: Nina wajibu gani, kisheria na kiutu, kwa mtoto niliyemzaa akalelewa na baba mwingine?

Fundi wa Moro (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwanamume wa miaka 39, fundi wa kuchomelea vyuma hapa Morogoro, nina mke na watoto wawili. Mwaka 2010, nilipokuwa nikijifunza ufundi Iringa, nilizaa mtoto wa kiume na binti wa mtaa niliokuwa nimepanga. Wazazi wake walidai faini ya kumpa mimba binti yao, mimi sikuwa na kitu, na baba yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea, alikataa kwenda kuzungumza nao. Nikarudi Morogoro. Mara tatu katika mwaka ule wa kwanza nilimkabidhi kondakta wa basi bahasha yenye shilingi 20,000 au 30,000, na yule binti akaifuata stendi na kunipigia simu kwamba imefika. Mtoto alipokaribia miaka miwili, mama yake aliolewa, akaniambia kwa upole kwamba mumewe amempokea mtoto kama wake, hivyo nisitume tena. Nilikubali, na leo naona kwamba nilikubali upesi mno.

Yule bwana alimlea mwanangu hadi mwaka jana, Mwenyezi Mungu alipomchukua. Cheti cha kuzaliwa kina jina lake, na shuleni mtoto anatumia ubini wake. Ameacha nyumba moja na duka dogo, na nasikia ndugu zake wameanza kusema kwamba kijana huyu si damu yao, atafute kwao.

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe kwa namba nisiyoifahamu: "Shikamoo. Mama ameniambia wewe ndiye baba yangu. Siombi hela. Nataka kujua kama ni kweli." Nimeusoma mara nyingi, na kila ninapoanza kuandika jibu ninafuta. Mke wangu alijua habari za mtoto huyu kabla sijamuoa, naye anasema niende. Baba mkubwa anasema sikulipa faini, kwa hiyo sina mtoto Iringa. Naomba kujua sheria inanitaka nini, na zaidi ya sheria, mtu mwenye utu anapaswa kufanya nini.

Mama wa Kihesa

Ndugu yangu, kabla ya sheria, mjibu mtoto leo. Amekuuliza swali moja ambalo jibu lake ni neno moja, na kimya cha wiki mbili kwa kijana wa miaka 15 aliyemzika baba majuzi kinamwambia kwamba hata wewe humtaki. Mwandikie kwamba ni kweli, kwamba unamwomba radhi kwa miaka yote hiyo, na kwamba utazungumza na mama yake ili mwonane. Usimweleze habari za faini wala za baba yako mkubwa, kwa sababu hizo ni sababu zako na yeye hakuziuliza.

Mzee wa Mtaa

Mwanangu, nitasema lisilopendwa. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu. Mtoto amekulia katika ndoa ya watu, ana jina, ana kaburi la baba yake analolijua. Ukijitokeza sasa utakuwa umewapa ndugu wa marehemu fimbo ya kumchapia, kwani watasema baba yake amepatikana, amchukue. Isitoshe, nijuavyo mimi, madai ya matunzo yana muda wake, nao umepita zamani. Tuma msaada kwa siri kupitia kwa mama, basi.

Karani Mstaafu

Shikamoo Mzee. Hofu yako kuhusu ndugu wa marehemu ni ya kweli na nitairudia, lakini katika suala la muda naomba nirekebishe, kwa kuwa nimekaa mahakamani miaka mingi na kosa hili nimelisikia mara nyingi.

Kwa Tanzania Bara, sheria inayotuongoza ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtambua kila mtu wa chini ya miaka 18 kuwa mtoto na kumpa haki ya kutunzwa na wazazi wake kwa chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, bila kujali kama wazazi hao waliwahi kuoana. Ni kweli kwamba ombi la matunzo dhidi ya mwanamume anayetajwa kuwa baba hufunguliwa kabla mtoto hajazaliwa au ndani ya miezi 24 baada ya kuzaliwa. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inasema kwamba ikithibitika mwanamume alitoa fedha za matunzo ndani ya miezi hiyo 24, ombi linaweza kufunguliwa wakati wowote baadaye. Kwa hiyo zile bahasha tatu za kondakta, mtoa mada, zinatosha kuuacha mlango wazi hadi leo. Na muda huo unamhusu anayekwenda kudai mahakamani, haumzuii baba anayetaka kutimiza wajibu wake kwa hiari.

Kuhusu faini, mila inaweza kuwa na maneno yake juu ya mtoto ni wa ukoo upi, lakini sahani yake haisubiri malipo hayo. Tumetoka mbali katika jambo hili. Sheria ya zamani ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, iliyofutwa mwaka huo wa 2009, ilimruhusu hakimu kuamuru baba atoe kiasi kisichozidi shilingi 100 kwa mwezi, na kiwango hicho kilibaki kwenye vitabu hata wakati shilingi 100 haikutosha kununua mkate. Leo mahakama huangalia kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Amri ya matunzo hufika mwisho mtoto anapotimiza miaka 18, lakini mahakama inaweza kuiendeleza akiwa bado masomoni.

Marehemu naye hakufanya hisani tupu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba mwanamume aliyempokea mtoto asiye wake kuwa mmoja wa familia yake ana wajibu wa kumtunza, pale wazazi wenyewe wanaposhindwa, na kwamba wajibu huo hukoma mtoto akichukuliwa na mzazi wake. Ndiyo maana nakusihi usimwondoe kijana katika nyumba ile wakati huu. Mama yake afungue shauri la mirathi mapema na ajue haki yake kama mjane aliyechuma pamoja na mumewe. Mtoto wa kufikia hana uhakika wa kurithi kama hakukuwa na wosia wala hakuasiliwa kisheria, yaani kufanywa mtoto wa marehemu kwa amri ya mahakama, na kwa hiyo usalama wake katika nyumba hiyo kwa sasa unashikwa na haki ya mama.

Nenda na mama kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, mwandike makubaliano ya matunzo mbele yake. Vipimo vya vinasaba (DNA) havihitajiki ikiwa wewe na mama hamna ubishi. Kisha andika wosia unaomtaja kijana huyu pamoja na watoto wako wengine, maana nimeona watoto wa namna hii wakisimama nyuma kabisa msibani, wakisubiri mtu mmoja awatambue.

Binti wa Pili

Mimi nilikuwa mtoto huyo. Nilipokuwa kidato cha kwanza, baba yangu mzazi alikuja na shangazi watatu na gari la kukodi, wakakaa sebuleni kwa baba aliyenilea na kusema wamekuja kuchukua damu yao. Baba aliyenilea alisimama, akaenda jikoni kuwachemshia chai yeye mwenyewe, na tangu siku ile hakuwahi kunikaripia tena, kana kwamba hakuwa na haki hiyo. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Kaka, nenda peke yako. Usimwambie abadilishe ubini. Ukiweza, mwombe akupeleke kwenye kaburi la baba aliyemlea.

Mama wa Kihesa

Na ada isiwe kisingizio cha kutoa kidogo. Ni kweli shule za serikali hazitozi ada ya sekondari hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, lakini chakula, sare, madaftari na nauli vinalipiwa kila mwezi, na mama sasa yuko peke yake.

Fundi wa Moro (mwanzisha uzi)

Nawashukuru nyote, na Mzee pia, kwa kuwa hofu yake imenizuia nisiende na baba mkubwa kama nilivyokuwa nimepanga. Jana usiku nilimjibu kijana. Nilimwandikia kwamba ni kweli, na kwamba nilipaswa kumtafuta mimi kabla yeye hajanitafuta. Alikaa kimya hadi asubuhi, kisha akaniuliza kama na mimi natumia mkono wa kushoto. Natumia.

Nimezungumza na mama yake. Ijumaa ijayo tutakutana ofisi ya ustawi wa jamii, yeye na kaka yake na mimi, na tumekubaliana shilingi 120,000 kila mwezi kuanzia mwezi huu, kiasi ambacho mke wangu na mimi tumekipigia hesabu na tunakimudu. Jumamosi kijana atanipeleka makaburini.