Kamera ipi ya joto inafaa kumsaka Bigfoot: ya kuchomeka kwenye simu, monokula au droni?

Pori_la_Mvua
Wakuu habari za huko mliko. Mi niko Tacoma, jimbo la Washington, na mwezi wa 12 tunaenda na jamaa wa kazini kulala porini Gifford Pinchot, ule msitu wa upande wa Mlima St. Helens. Hawa jamaa ni watu wa Bigfoot kwelikweli, lile jitu la manyoya linalosemekana linaishi misituni Marekani, wana ramani ya kila mtu aliyewahi kusema kaona kitu. Mi mwenyewe siamini wala sikatai, napenda pori na nyama choma basi, ila kazi ya kutafuta kamera ya joto wamenitupia mimi kwa vile wanajua napenda vifaa. Nimeona njia tatu: ile ndogo ya kuchomeka kwenye simu, dola 200 hadi 300 hivi. Monokula ya kushika mkononi, ile darubini ya jicho moja, karibu dola elfu moja kwenda juu. Halafu droni yenye kamera ya joto, hiyo ni zaidi ya dola 5,000 na hatuna, ila kuna mmoja shemeji yake anayo. Mwenye uzoefu aseme twende na ipi, na msinijazie kejeli tafadhali.

Mbishi_wa_Kariakoo
Nunueni buti na tangawizi, hela inayobaki tumeni nyumbani 😂

fundi_lenzi
@Pori_la_Mvua usianze na bei, anza na pikseli, vile vinukta vinavyounda picha. Kamera ya joto haimuliki kitu, inapokea tu joto linalotoka kwenye mwili wenyewe, mawimbi ya mikroni 8 mpaka 14 hivi, kwa hiyo chochote chenye joto kuliko mazingira yake kitang'aa, awe dubu, awe mzee wa watu anajisaidia nyuma ya mti. Kuona kwamba kuna kitu ni rahisi, hata ya simu itaona. Shughuli ni kujua ni NINI na hapo ndo hela inapoenda. Kuna vipimo vya jeshi la Marekani, vya jamaa anaitwa John Johnson wa mwaka 1958, watengenezaji wanavitumia mpaka leo: upana wa kitu ukienea pikseli kama 2 unajua kuna kitu, ukienea 8 unajua ni mtu au ni mnyama wa namna gani, 13 ndo unaanza kusema huyu ni fulani.

Sasa chukua huyo Bigfoot wenu, mabega tuseme sentimita 90. Ya simu kama Topdon TC001 ina 256x192 lakini lenzi yake ni pana sana, imetengenezwa kwa ajili ya mafundi umeme na mafundi bomba, kwa hiyo zile pikseli 8 unazipata akiwa mita 30 tu kutoka ulipo. Mita 30 si unamsikia anavyohema! Monokula yenye sensa (kihisi joto) ya 384x288 na lenzi ya milimita 15, mfano AGM Taipan TM15-384, inakufikisha kama mita 140. Ukipanda kwenye 640x480 yenye lenzi ya milimita 50, Pulsar Helion 2 XP50 Pro ni mojawapo, unafika mita 330 hivi, ila hiyo bei yake ni maelfu kadhaa. Hesabu nimepiga mwenyewe na ni za hewa safi, ukungu ukishuka kata nusu au zaidi. Yale maandishi ya kwenye boksi sijui mita 700 sijui kilomita ni ya kuona nukta nyeupe, na nukta nyeupe kwenye habari za Bigfoot zipo za kutosha.

Pori_la_Mvua
Aisee mita 30. Kwa hiyo ya simu tuisahau?

fundi_lenzi
Kwa kuzunguka kambi inatosha, kuona rakuni aliyefuata nyama yenu. Ila baridi inamaliza betri ya simu haraka, na skrini inakumulika uso gizani kila kiumbe kinakuona wewe kabla hujakiona. Angalia pia ile namba ya Hz, yaani picha ngapi kwa sekunde, zipo kamera za 9Hz, ziko hivyo kwa sababu ya masharti ya Marekani ya kuuza vifaa hivi nje, mnyama akikimbia picha inarukaruka. Tafuta 25 kwenda juu. Na usijaribu kuangalia ukiwa ndani ya gari, kioo kinazuia joto, utajiona mwenyewe tu.

Kapteni_Droni
Mi nasimama na droni. DJI Mavic 3 Thermal ina sensa ya 640x512, ukiwa juu mita 60 unaona mabega ya mtu vizuri kabisa na kwa dakika 30 unamaliza eneo ambalo kwa miguu ni usiku mzima. Watafiti wamewahi kuwaona orangutani wa Borneo kwa droni za namna hii wakiwa juu ya miti, sasa kama orangutani anaonekana, huyo mwenye futi 8 atajificha wapi?

fundi_lenzi
Kapteni orangutani analala juu kileleni, Bigfoot kila anayesimulia anasema anatembea chini. Joto halipiti kwenye majani, na misonobari ya huko haipukutishi hata desemba. Droni itakuonyesha paa la msitu, sakafu huioni. Labda kwenye yale maeneo yaliyokatwa miti na kando ya barabara za magogo, hapo nakubali inashinda zote.

Kapteni_Droni
Hapo umenena, mi pia nilikuwa nafikiria maeneo ya wazi. Na mjue sheria: hifadhi za taifa kama Olympic na Mount Rainier droni ni marufuku tangu 2014. Gifford Pinchot ni msitu wa taifa, si hifadhi, inaruka ila si kwenye yale maeneo yaliyotengwa yabaki pori tupu. Usiku lazima iwe na taa ya kumwekamweka inayoonekana maili 3. Mvua ikinyesha haipai.

Mama_Mara
Hamjambo nyote. Mimi niko Narok, kazi yangu ni kutembeza wageni, na hizi kamera nazijua kwa sababu askari wa Mara walizipata tangu 2016 kupitia shirika la WWF, za kampuni ya FLIR, za kukamata majangili usiku. Wacha niwaambie kitu hamjakiongelea hapa. Mnyama akisimama tuli kwa kamera ya joto ni wingu tu jeupe, hata mtu amezoea anaeza kosea. Akianza kutembea ndio unamjua, fisi mgongo unashuka nyuma, kiboko ni kama pipa linateleza, na mtu, huyo ni rahisi sana kwa sababu ya mikono. Kwa hivyo msipige picha, rekodini video, na msiikate hata kama mmepandwa na wazimu wa furaha. Kamera isiyorekodi yenyewe ndani hata kama ni bei rahisi aje wachana nayo.

Halafu manyoya. Manyoya mazito yanazuia joto lisitoke, dubu wa barafu kwa kamera hizi karibu apotee kabisa, unabaki na uso tu. Huyo wenu kama ana manyoya vile wanasema basi msitarajie jitu linang'aa mwili mzima, tarajieni uso na viganja. Mkiona mwili mzima unawaka sawasawa kama taa, huyo ni binadamu amevaa jaketi jepesi, mwiteni aje achome nyama na nyinyi.

Mama_Mara
Na saa. Jioni mawe na visiki bado vina joto la mchana, utaona vijitu vimechuchumaa kila mahali. Amkeni saa kumi alfajiri.

Papa_Kivu
Ndugu zangu bonjour. Mimi niko Portland lakini natoka Goma. Mbishi anacheka lakini mimi siwezi kucheka sana, sababu kwetu Congo okapi, ndugu ya twiga, ilijulikana na wazungu 1901 tu, na gorila ya milima ni 1902, ule afisa Mjerumani von Beringe alimpiga risasi kule mlima Sabinyo. Mbele ya pale walikuwa wanasema ni hadithi ya watu ya pori. Njo maana mimi nasema muende, mutafute, lakini muende na kamera ya maana.

Mbishi_wa_Kariakoo
Papa Kivu heshima yako, lakini huo mfano unakugeuka. Watu wa Ituri okapi walikuwa wanamjua, wana ngozi yake, wanamla! Johnston, yule Mwingereza, alipokuja alipewa vipande vya ngozi na mafuvu. Sasa nipe mfupa mmoja wa Bigfoot, mmoja tu. Nywele zimepimwa. FBI walipelekewa nywele miaka ya 70, faili wakaliachia 2019, jibu ni kulungu. 2014 Profesa Sykes wa Oxford akapima nywele kutoka sehemu mbalimbali za dunia, zikatoka dubu, farasi, ng'ombe, mbwa. Hata jina lenyewe lilivuma 1958 kwa nyayo za Bluff Creek California, gazeti la Humboldt Times likaandika, halafu 2002 familia ya Ray Wallace ikasema mzee ndo alikuwa anazichapa na miguu ya mbao. 1958 tena, mwaka uleule wa vipimo vya fundi 😂

Papa_Kivu
Sawa, mfupa hakuna, nakubali. Lakini pori ile ni kubwa, wewe uko Kariakoo.

Mama_Mara
@Mbishi kwa hilo la mfupa mimi niko na wewe, ila naongeza hii maana inahusu vifaa. Kuna njia ya nne hamjataja, kamera za kutega. Zile za kufunga kwa mti zinajiwasha mnyama akipita. Kule Mount Rainier, si mbali na mnakoenda, 2020 zilionyesha wolverini, mnyama wa jamii ya nyegere, mama na watoto wake, mara ya kwanza kwa zaidi ya miaka 100. Wolverini ni mdogo, wachache ajabu, na bado walipatikana. Kamera ya kutega inapiga mita chache tu lakini inakupa sura, unaona sikio, unaona kidole, tena inakaa miezi bila kula nyama choma.

Mbishi_wa_Kariakoo
Sasa hapo mama umemaliza. Wolverini kaonekana, jitu la kilo 300 halijaonekana.

fundi_lenzi
Mbishi acha kidogo, jamaa kaomba ushauri wa kamera. Ila kuna kitu nakiongezea hapohapo. Ile filamu ya Patterson na Gimlin ya 1967, inayosemekana inaonyesha Bigfoot, ilipigwa mchana, ya rangi, kiumbe anatembea anageuka anaangalia kamera, na mpaka leo watu wanagombana kama ni mtu kavaa vazi. Sasa wewe ukileta wingu jeupe la pikseli 5 unategemea nani akuamini? Ndo maana nakomaa na hizo pikseli. Ukipata kitu, weka alama ulipokuwa umesimama, asubuhi rudi na mwenzako asimame palepale, umrekodi kwa kamera ileile, mfananishe urefu. Bila hivyo hujui kama kilikuwa futi 8 au ni dubu kasimama.

Na desemba umechagua vizuri. Dubu wengi watakuwa wamelala mashimoni, wanabaki kulungu, elki (kulungu wakubwa), puma na binadamu, na baridi inafanya mwili wa joto ujitenge vizuri na nyuma yake. Tatizo ni mvua, kila kitu kikilowa kinakuwa na joto moja, picha inageuka uji.

Kapteni_Droni
Jambo jingine, msiende na bunduki pamoja na hizo kamera. Kuwinda kwa vifaa vya infraredi vya kuona gizani ni kosa jimbo hilo, askari wa pori akikukuta navyo vyote usiku maelezo yatakuwa marefu. Halafu sehemu kubwa ya msitu huo iko kaunti ya Skamania, na wale mwaka 1969 walipitisha sheria ya kukataza kumuua Sasquatch, yaani huyohuyo Bigfoot, faini mpaka dola 10,000. Watu wanaichekelea ila sababu mojawapo ilikuwa usalama, watu walikuwa wanazurura porini na silaha wanatafuta kitu chenye umbo la mtu.

Pori_la_Mvua
Wakuu na mama yetu wa Narok nimewasoma wote. Nimeongea na jamaa, ya simu tumeifuta. Kununua ya 640 hatuwezi ila nimepata pa kuikodi wikendi nzima, na kila mtu akichanga ni chini ya bei ya ile ya 384. Droni ya shemeji tunaenda nayo kwa maeneo yaliyokatwa miti kama hali ya hewa itakubali. Kamera za kutega mbili tutaziacha tuje kuzichukua machipuo. Swali la mwisho, nikiwa nimelala hemani naweza kuangalia bila kutoka nje? Baridi ya kule si mchezo. Na mvua ikianza naifunika na nini, maana hii ni ya watu.

fundi_lenzi
Turubai la hema halipitishi, toa kichwa nje kama wanaume wenzio. Kwa mvua, chukua mfuko mwembamba wa nailoni, ule wa taka, hata mweusi. Macho hayaoni kitu lakini joto linapita, picha inapungua kidogo tu. Jaribu nyumbani kwanza, ile minene haifai.

Mbishi_wa_Kariakoo
Mfuko wa nailoni? Huku tangu 2019 ukikutwa na rambo, anayesakwa ni wewe 😂