Wavuvi wa Alaska wanagharamiaje urejeshaji wa samoni?

Swali: Wakuu, nasikia wavuvi wa biashara huko Alaska hujitoza wenyewe fedha za kuongeza samaki aina ya samoni. Utaratibu huo unaendeshwaje?

Jibu 1: Wenye leseni katika eneo husika hupiga kura kuidhinisha tozo, kwa mfano asilimia 1, 2 au 3 ya thamani ya samaki, ambayo mnunuzi huikata wakati wa mauzo na kuiwasilisha serikalini, kisha Bunge la jimbo huidhinisha fedha hizo ziende kwa vyama vya kikanda vinavyototolesha mayai na kuachia vifaranga baharini.

Jibu 2: Vyama hivyo pia huvua na kuuza sehemu ya samoni wanaorudi kutoka baharini wakiwa wakubwa. Naona ni haki, ingawa vifaranga vya kutotoleshwa haviponyi mto ulioharibika. Huko California, fedha za stempu (kibali cha kulipia) ya wavuvi wa samoni hugharamia pia ukarabati wa mito.