Boti ya mnada Mtwara: tezi (sehemu ya nyuma) imeoza, injini siyo iliyoandikwa, na hawataki kunisikiliza

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Ni mwezi wa tano sasa boti ya faiba ya futi 26 imekaa juu ya magogo Mikindani, haijanipa hata kilo moja ya samaki. Niliinunua mnadani Septemba kwa milioni 9 na laki 2, hela ya korosho ya msimu uliopita pamoja na akiba ya mke wangu ya kikoba. Mkopeshaji aliikamata kwa mtu aliyeshindwa marejesho. Jina la mkopeshaji silitaji hapa mpaka nimalizane nao.

Walichonivutia nacho ni karatasi ya mthamini. Dalali aliweka kidole kwenye milioni 14 na nusu akaniambia, "Kaka, thamani ya soko hiyo hapo. Leo unaondoka nayo kwa bei ya kuokota." Sikufunua ukurasa wa pili. Huko kulikuwa na tarakimu nyingine, thamani ya kuuza kwa haraka, milioni 10. Na ripoti yenyewe iliandikwa siku mkopo unatolewa, miaka miwili na nusu nyuma, boti inaelea na injini inapiga kazi kila siku. Mimi nimeuziwa kitu kilichokaa yadi miezi 7 bila turubai, mvua zote za Machi na Aprili zimeingia ndani.

Thamani ya soko ni bei wanayoafikiana watu wawili wasio na haraka, kila mmoja anajua anachouza na anachonunua. Mimi nilizuiwa kujua. Niliomba tuishushe majini nusu saa tu, mafuta juu yangu. Wakakataa. Nikaomba basi tuwashe injini kwenye pipa la maji. Wakakataa pia. "Inauzwa kama ilivyo, mahali ilipo." Mtu anayeuza boti na hataki iguse maji, kuna kitu anakijua!

Kesho yake, nikiwa nimeshainunua, nilimleta fundi, mzee wa hapa Mikindani aliyeanza kuunda mashua enzi za matanga. Akapita anagonga ubavu kwa mpini wa nyundo, ko, ko, ko, kutoka omo kurudi nyuma. Alipofika tezi, pale injini inapofungwa, mlio ukafa, kama amegonga godoro. Akalegeza bolti moja. Yakaanza kuchuruzika maji ya rangi ya chai mpaka mchangani, yananuka kama makumbi yaliyofukuliwa pwani. Ndani ya faiba pale kuna plaiwudi, na maji yalishapenya kwenye matundu ya bolti, ubao umekuwa uji. Mzee akaniambia, "Mwanangu, ukifunga injini hapa ukakutana na wimbi la kusi, injini inabaki baharini, wewe unarudi kwa kafi."

Tukaja kwenye injini, HP 40. Oili ya gia ilitoka nyeupe kama tui, maana yake sili, ile mipira ya kuzuia maji, zimekufa na maji yanaingia. Njia za kupoozea zimeziba chumvi, hakuna aliyeisafisha kwa maji yasiyo na chumvi tangu ikamatwe. Haya yote ningeyameza, nikasema ndiyo bahati ya mnada. Lakini namba kwenye kibati cha injini siyo namba iliyo kwenye mkataba wa dhamana. Injini iliyowekwa rehani haipo! Imebadilishwa wapi, kwa aliyekuwa nayo au ndani ya yadi yao? Nimeuliza mara nne. Kila nikienda, mhusika yuko safarini.

Halafu akatokea mdogo wake yule mkopaji, mtu mwenye adabu, akaniamkia vizuri, akasema boti waliinunua wawili na yeye hakusaini popote. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamchukulia muuzaji kuwa ana haki ya kuuza anachouza. Hayo maneno ya "kama ilivyo" yanahusu ubovu wa chombo. Suala la nani mwenye chombo ni lingine kabisa, na hapo ndipo waliponiacha: barua ya kuachilia dhamana hawajanipa, na bila hiyo sina cha kupeleka TASAC, shirika la serikali linalosajili vyombo vya majini, kubadilisha usajili, wala leseni ya uvuvi ya halmashauri siwezi kuiomba kwa jina langu.

Hesabu yangu ndiyo hii. Boti milioni 9.2, kujenga tezi upya milioni 1.35, injini ya mkononi iliyo nzima milioni 3.6, usafiri na vibarua laki 4. Jumla milioni 14 na laki 5 na nusu. Agosti kuna mtu Kilwa Masoko alitaka milioni 12 kwa boti ya kimo hicho hicho, iko majini, akaniambia panda tuzunguke kwanza uione. Nikamwona ghali. Kaskazi yote, bahari shwari tangu Novemba, imepita natazama wenzangu wakishusha samaki. Aprili kusi inaingia.

Jumatatu naenda ofisini kwao na yule mzee, picha za kibati na nakala ya mkataba. Nataka barua yangu, na nataka injini yenye namba iliyoandikwa au hela yake. Kama umenunua boti kwenye minada ya huku Mtwara au Lindi mwaka jana, nakuomba nenda leo kasome namba ya injini yako, ulinganishe na karatasi, uniandikie hapa chini.